Kabla ya Kuwasha Msumeno, Hesabu Meno ya Bledi

Mpenzi msomaji, juma hili naomba uniwie radhi. Umezoea kunisoma hapa nikieleza habari za shinikizo la damu, kisukari na watoto wanaokohoa usiku kucha. Leo nataka kuzungumza nawe juu ya meno, tena si meno ya kinywani bali meno ya msumeno. Huenda ukauliza daktari ana kazi gani na misumeno. Jibu langu ni fupi: mimi ndiye ninayeshona.

Zahanati yangu iko mjini Meru, upande wa Makutano, na kila Alhamisi huteremka hadi Embu kumsaidia daktari mwenzangu. Katika miji hii miwili halipiti juma kabla sijaona mkono uliokatwa. Mingi hukatwa na mashine za kukatia ng'ombe majani, maana sisi wa huku ni wafugaji hata tukiwa mjini. Mingine hukatwa na panga. Lakini siku hizi nimeanza kupokea majeruhi wa aina nyingine, vijana waliokatwa wakitengeneza vitu vidogo vya plastiki ile ngumu inayong'aa kama kioo, yaani akriliki, ambayo mafundi wetu huiita perspeksi. Vibao vya milango, herufi za majina ya maduka, ngao za mashindano ya shule, vishikio vya funguo, visanduku vya sadaka: vyote vinatokana na mabamba hayo. Nadhani biashara hii ilipata nguvu mwaka wa 2020 wakati wa korona, pale kila benki na kila duka la dawa lilipotaka kuweka ukuta wa plastiki baina ya mwuzaji na mteja. Korona ilipungua, mafundi wakabaki na ujuzi, nasi wateja tukabaki na tamaa ya vibao vinavyong'aa.

Nami ni mmoja wa wateja hao. Miezi michache iliyopita nilikwenda kwa fundi mmoja hapa Meru nikamwagiza herufi za kubandika kwenye milango ya zahanati: DAKTARI, MAABARA, SINDANO. Kila herufi iwe na urefu wa inchi mbili, rangi ya buluu, unene wa milimita 5. Tulipatana bei, nikapunguza, akalalamika, nikapunguza tena. Halafu nikasema neno ambalo sisi wateja hulisema bila kufikiri: "Nazitaka Jumatatu asubuhi, bila kukosa." Hiyo ilikuwa siku ya Alhamisi.

Jumamosi jioni nikiwa nafunga mlango, fundi huyo alinijia mbio pamoja na kijana wa miaka 19 anayejifunza kazi kwake. Mkono wa kushoto wa kijana ulikuwa umefungwa kwa shati, na shati limelowa. Juu ya kiganja walikuwa wamekaza ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Nilipofungua nikaona ncha ya kidole cha shahada haipo, kuanzia chini kidogo ya ukucha, na kidole cha kati kimechanika hadi mfupa. Juu ya jeraha walikuwa wamepaka grisi. Kipande kilichokatika walikuwa wamekileta, nawasifu kwa hilo, lakini walikuwa wamekitia moja kwa moja ndani ya kikombe cha barafu kutoka duka la samaki. Kilikuwa kimekwisha kuwa cheupe kama nyama iliyochemshwa.

"Ajali haina kinga, daktari," fundi akaniambia. "Nimemwambia huyu kijana mara nyingi, lakini ni mzembe."

Kijana hakujibu kitu. Baadaye, nilipokuwa namshona, akasema kwa sauti ya chini kwamba alikuwa anakata S. Ilikuwa S yangu, ya SINDANO.

Jumatatu sikwenda kuchukua herufi. Nilikwenda kuutazama msumeno.

Mashine yenyewe ni ile ya mkanda. Kama hujaingia karakana ya mbao, bila shaka umeiona buchari: mkanda mwembamba wa chuma wenye meno, unaozunguka juu ya magurudumu mawili, moja juu na jingine chini ya meza, nao mkanda hupita katikati ya meza ukishuka daima. Mkanda huo ndio bledi. Mwuza nyama hukatia mifupa ya mbuzi kwa sekunde mbili, na mfupa wa kidole cha mtu ni mwembamba kuliko wa mbuzi. Tofauti na msumeno wa duara, ambao hupiga kelele na unaweza kuurusha ubao kifuani mwa fundi, huu wa mkanda huvuma polepole na kuisukumia kazi chini kwenye meza. Kwa hiyo watu huuona mpole. Nimemsikia fundi mmoja wa Embu akiuita msumeno wa wanawake, jambo ambalo lilimkera sana mkewe aliyekuwa karibu, nami pia.

Basi, nilimwomba mwenye karakana azime umeme, nikachukua rula nikaiweka kando ya bledi. Nilihesabu meno manne katika inchi moja. Ni bledi nzuri kabisa kwa kupasulia mbao za mgrevilea na mkaratusi, na ndiyo kazi iliyokuwa ikifanywa na mashine ile siku zote. Lakini hebu fikiri nami. Meno manne katika inchi moja maana yake ni kwamba kutoka jino hadi jino kuna zaidi ya milimita 6. Bamba la herufi zangu lilikuwa na unene wa milimita 5. Basi bamba zima linaweza kuingia katika nafasi iliyo baina ya jino na jino. Jino linalofuata haliparuzi plastiki kidogo kidogo kama inavyotakiwa. Linaikamata kama ndoano inavyomkamata samaki na kuivuta chini kwa nguvu zote za mota.

Ikiwa bamba ni kubwa kama meza ya chai, utasikia mtikisiko, labda litapasuka ukingoni, na basi. Ikiwa ni kipande cha inchi mbili kilichoshikwa kwa ncha za vidole, hakuna kitu cha kukizuia. Kinainama, kinadidimia kwenye tundu la meza, kinavunjika. Na wewe uliyekuwa ukikisukuma mbele unakuta ghafla hakuna tena cha kusukuma. Mkono unaendelea na safari yake. Haya yote humalizika kabla jicho halijapepesa. Ndiyo maana kijana akiulizwa ilikuwaje husema hajui, nasi tunadhani anaficha uzembe wake. Kweli hajui.

Kwa hiyo swali la bledi ni swali la afya, nami sioni haya kulileta katika ukurasa huu. Kanuni ni rahisi na mafundi wa chuma wanaijua tangu zamani: wakati wowote, angalau meno mawili, na ikiwezekana matatu, yawe yanagusa unene wa kitu kinachokatwa. Kwa bamba la akriliki lenye milimita 3 au pungufu, tafuta bledi ya meno kama 18 kwa inchi. Kwa milimita 5 hadi 10, meno 10 hadi 14 yanatosha. Ukifika bamba nene la milimita 12 na zaidi, shuka hadi meno 6 au 8, maana hapo unakutana na tatizo la upande wa pili. Meno madogo mno kwenye bamba nene hujaa vumbi la plastiki, bledi inashika joto, na akriliki huanza kulainika inapopita nyuzi 100 hivi za Selsiasi. Plastiki iliyoyeyuka hujiganda tena nyuma ya bledi na kuibana. Fundi huona kazi imekwama, husukuma kwa nguvu zaidi, na nguvu hiyo ndiyo inayompeleka mkono mahali pasipofaa. Bledi butu hufanya vivyo hivyo. Watu hudhani bledi kali ndiyo hatari, ilhali wengi wanaokuja kwangu walikuwa wakisukuma bledi iliyochoka.

Upana nao una kazi yake. Herufi kama S ina mikunjo, na bledi pana haiwezi kupinda katika mkunjo mdogo. Ukiilazimisha inajipinda, inaunguza plastiki, na inaweza kutoka kwenye gurudumu au kukatika. Kwa mikunjo midogo inatakiwa bledi nyembamba, ya robo inchi au chini ya hapo. Iliyokuwa kwenye mashine ile ilikuwa inchi nzima.

Kitu cha pili nilichokiona kilinitisha kuliko bledi. Juu ya meza ya msumeno huu kuna chuma kinachoishikilia bledi isiyumbe, nacho hupandishwa na kushushwa kulingana na unene wa kazi. Kikishushwa vizuri, bledi iliyo wazi huwa ndogo tu, kiasi cha nusu sentimita juu ya bamba, na hata ukitaka kuingiza kidole hapo utapata taabu. Katika karakana ile chuma hicho kilikuwa kimepandishwa juu kabisa kwa ajili ya magogo, na skrubu yake ilikuwa imeshika kutu mahali hapo. Shibiri nzima ya bledi ilikuwa wazi ili kukata plastiki ya milimita 5. Nilimwuliza mwenye karakana ni lini mara ya mwisho alikishusha. Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

Nalo tundu la meza ambamo bledi hupita lilikuwa limekula hadi likawa pana kama kidole gumba changu. Kwa mbao si neno. Kwa vipande vidogo ni mtego. Dawa yake haigharimu chochote: chukua kipande cha plaiwudi, kikate kwa bledi hiyo hiyo hadi katikati, kisimamishe hapo na ukibane mezani kwa klampu. Sasa bledi inapita katika ufa wake yenyewe na kipande kidogo hakina pa kutumbukia.

Nikiwa hapo, hebu nimalizie habari za vipande vidogo, kwani ndivyo vinavyokula vidole. Kwanza, usikikate kikiwa kidogo ikiwa unaweza kukikata kikiwa bado sehemu ya bamba kubwa. Acha bamba liwe mpini wako, na mkato wa mwisho uwe ndio unaoitenga herufi. Kama haiwezekani, kibandike kipande juu ya ubao mpana wa plaiwudi kwa utepe wenye gundi pande zote mbili, ukate vyote pamoja, kisha ukibandue. Karatasi ya ulinzi inayokuja na bamba usiitoe hadi umalize. Hiyo husaidia plastiki isichubuke, na mchoro wako wa penseli unaonekana vizuri. Kipande cha mwisho kisukume kwa kijiti, si kwa kidole. Vidole visiwe kamwe katika mstari mmoja na bledi. Na glavu usivae hapa. Najua hili linashangaza, lakini jino la msumeno likinasa uzi wa glavu huvuta mkono mzima, na jeraha ambalo lingekuwa la ngozi linakuwa la mfupa. Pete, bangili na mikono mirefu ya sweta ni vivyo hivyo. Ukizima, ngoja bledi isimame kabisa, kwa maana huendelea kuzunguka kwa muda bila sauti.

Miwani ya kukinga macho, hiyo vaa. Hapa nina kisa kidogo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia madirisha ya ndege za kivita za Uingereza yalikuwa ya akriliki, na yalipopigwa risasi, vipande viliingia machoni mwa marubani. Daktari wa macho wa London aitwaye Harold Ridley aliona kwamba vipande hivyo, tofauti na vya kioo, vilikaa ndani ya jicho bila mwili kuvikataa. Kutokana na hilo, mwaka wa 1949 alimtilia mgonjwa wa mtoto wa jicho lenzi ya akriliki, na hadi leo nyanya zetu wanaofanyiwa upasuaji huo hurudi nyumbani na plastiki za jamii hiyo machoni. Ni jambo la kupendeza, lakini usije ukanijia ukisema basi vipande havidhuru. Kabla kipande hakijafika ndani kinapasua kioo cha jicho, nacho kinabeba vumbi na vijidudu. Tena kina ubaya mwingine ambao sisi madaktari tunauchukia. Akriliki ni angavu, na kwenye picha ya eksirei kwa kawaida haionekani. Kipande kikizama kidoleni, eksirei inatoka safi, mgonjwa anaambiwa hana kitu, na baada ya mwezi anarudi na usaha. Kwa hiyo ukienda hospitalini mwambie daktari wazi kwamba ulikuwa ukikata plastiki, ili atafute kwa njia nyingine.

Harufu kali inayotoka plastiki ikiungua nayo huwasha macho na koo, na mwenye pumu inaweza kumletea shambulio. Ukiisikia, ni bledi inayokuambia haifai kwa kazi hiyo. Fungua dirisha, zima mashine, badilisha bledi.

Sasa turudi kwa yule kijana, maana najua kuna msomaji anayetaka kujua kama kidole kingerudishwa. Ukweli ni kwamba kwa ncha ya kidole, na kwa jeraha la msumeno, aghalabu hapana. Kisu hukata mstari mmoja. Msumeno hula nyama na mishipa kwa upana wa meno yake, na unaacha kingo zilizoraruka. Hata hivyo usiamue wewe. Mwaka wa 1965 madaktari wa Nara, nchini Japani, walirudisha kidole gumba kilichokatika kabisa, na hapa kwetu mwaka wa 2018 madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta walirudisha kiganja cha kijana wa Kiambu kilichokatwa na mashine ya majani. Hasa kama ni kidole gumba, au aliyeumia ni mtoto, inafaa kujaribu. Gumba peke yake hukadiriwa kubeba kama asilimia 40 ya kazi ya mkono. Jaribu kufunga kifungo cha shati bila hilo gumba uone.

Lakini ili daktari wa Nairobi awe na kitu cha kurudisha, ni lazima wewe wa Meru au Embu ukitunze. Osha kipande kwa maji safi bila kukisugua. Kizungushie kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo, ukitie ndani ya mfuko usioingiza maji. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku mwaka wa 2017, nami sina ugomvi na sheria hiyo. Glavu safi ya mpira iliyofungwa fundo inafaa sana, au kopo dogo lenye kifuniko. Halafu mfuko huo ndio uuweke katika maji yenye barafu. Kipande kisiguse barafu, kwa kuwa barafu huua nyama kama moto. Kikitunzwa hivyo, kidole kinaweza kungoja hata saa 24. Kikiachwa kwenye joto, hesabu saa 12 hivi. Kutoka Embu hadi Nairobi ni kilomita kama 120, kutoka Meru ni zaidi ya 220, na hata ukikuta foleni ya Thika bado una muda. Ila piga simu kwanza hospitali unakokwenda, usije ukazungushwa kutoka lango hadi lango na kidole mkononi.

Kwa mkono wenyewe, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi na uuinue juu ya kiwango cha moyo, dakika 15 bila kuchungulia. Damu ya kidole husimama kwa kubonyezwa. Ule ukanda wa tyubu usiufunge. Nimewahi kuona vidole viwili vizima vikifa kwa sababu ya mpira uliofungwa Chuka na kusahauliwa hadi Meru. Grisi, mafuta ya taa, majani ya chai na ugoro viacheni vilipo. Na chanjo ya pepopunda, hata kama jeraha ni dogo.

Sasa yule fundi na maneno yake, kwamba ajali haina kinga na kijana ni mzembe. Hapa, msomaji, sikubaliani naye, na nilimwambia. Ajali ya radi haina kinga. Hii ilikuwa na kinga tatu, bledi, chuma cha juu na ubao wa kubandikia, na hakuna hata moja iliyokuwa katika uwezo wa kijana. Yeye hakununua bledi. Yeye hakuiacha skrubu ishike kutu. Alipewa bamba, akapewa mashine ya kupasulia magogo, akaambiwa daktari anataka kazi yake Jumatatu. Kama uzembe ulikuwapo, tuugawanye sawasawa, na fungu moja nilichukue mimi niliyepunguza bei mara mbili na kuweka siku isiyowezekana.

Sheria nayo haiko upande wa fundi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri akinge sehemu hatari za mashine na amfundishe mfanyakazi hatari zake kabla ya kumkabidhi. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ya mwaka huo huo, inamtaka mwajiri awe na bima, na inamhesabu mwanagenzi kuwa mfanyakazi. Mwanagenzi ni huyu huyu tunayemwita "kijana wa kujifunza". Wenye karakana wengi niliozungumza nao Gakoromone na kule Embu hawajui hilo. Wanadhani kwa kuwa hawamlipi mshahara wa kamili hawamdai wala hawadaiwi. Ukiwa na mtoto anayejifunza kazi mahali, muulize tajiri wake habari za bima kabla hujauliza habari za posho. Hii bima mpya ya afya ya jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, inaweza kusaidia matibabu kwa aliyelipa, lakini haikulipi kwa kidole ulichopoteza.

Nitasikia hoja kwamba jua kali si kiwanda, kwamba ukimlazimisha fundi mdogo kununua bledi tatu na kulipa bima unamfungia riziki. Hoja hiyo naiheshimu, kwani mimi mwenyewe nililelewa na riziki ya fundi. Bima ni mzigo wa kweli, na serikali ingefaa ifikirie vikundi vya mafundi walipe kwa pamoja. Lakini bledi? Mwenye karakana aliniambia bledi mpya ya meno 14 ilimgharimu pungufu ya alizotumia Jumamosi ile kwa teksi, dawa na kijana kukaa nyumbani juma la kwanza. Na hapo hatujahesabu kidole. Serikali za kaunti zetu mbili hutuma watu kila mwaka kukagua leseni za biashara. Mtu huyo huyo anaweza kubeba rula. Aingie, ahesabu meno, atazame kama chuma cha juu kinashuka, amwulize fundi kijiti chake cha kusukumia kiko wapi. Ni kazi ya dakika tano. Vyuo vyetu, kuanzia Meru National Polytechnic, vina walimu wanaojua haya vizuri kuliko mimi. Wakialikwa sokoni Jumapili moja alasiri, naamini mafundi watakuja.

Na wewe unayeagiza ngao ya shule au jina la duka, kabla ya kupatana bei, omba kuona mashine. Uliza bledi ya plastiki iko wapi. Fundi akikuonyesha ile ile ya mbao, lipa zaidi kidogo anunue nyingine, au nenda kwingine. Usiseme Jumatatu.

Kijana yule amerudi kazini. Kidole kimepona kifupi, bado kinamwasha wakati wa baridi ya Julai, naye anajifunza kushika penseli upya kwa sababu ni wa mkono wa kushoto, jambo ambalo sikuliuliza siku ile. Skrubu ya chuma cha juu ilifunguliwa kwa mafuta na nyundo. Kwa majuma matatu mlango wangu ulisoma INDANO, na wagonjwa waliniuliza sana maana yake. S mpya ililetwa siku ya ijumaa jioni, imekatwa kwa bledi ya meno 14, nami sikuuliza kwa nini ilichelewa.